Fimbo Mpya Hainunui Mwanga

Kampala iko jirani mno na ikweta, hata jua lake halijui kiangazi wala kipupwe. Mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na likishazama giza halichelewi. Kule Uskoti, gofu ilikokulia, mkazi wa St Andrews mwezi wa Juni anaweza kutoka kazini, akaanza mashimo 18 saa kumi na moja jioni, akamaliza bado anauona mpira wake. Kampala jambo hilo haliwezekani Juni, haliwezekani Desemba. Mwanga wetu ni wa saa kumi na mbili kwa siku, na kila anayecheza gofu mjini hapa anaugawana na wenzake.

Naandika haya kama mchezaji wa ridhaa, mwenye handikapu ya watu wa kawaida, kwa sababu naona mazungumzo yetu ya gofu yameegemea upande mmoja. Jioni ya Ijumaa barazani pa klabu utasikia habari za draiva mpya, za mipira ya bei, za kifaa cha kupimia umbali ambacho mtu ameletewa na shemeji yake kutoka Dubai. Muda wa mchezo hutajwa pale tu watu wanapolilalamikia kundi lililokuwa mbele yao. Msimamo wangu ni kwamba pesa tunazomimina kwenye fimbo zinatuletea faida ndogo sana, na muda tunaoupoteza uwanjani unawagharimu wengine kiasi kikubwa, makedi wanaotubebea mabegi wakiwa wa kwanza.

Uwanja wa Uganda Golf Club umelala bondeni Kitante, kati ya kilima cha Kololo na cha Nakasero. Upande mmoja kuna Barabara ya Yusuf Lule, maduka ya Garden City yako pembeni, na mfereji wa Kitante unapita humo humo. Wenye nafasi huenda Entebbe, ambako gofu imechezwa tangu 1901, au Kigo kwenye uwanja wa Lake Victoria Serena ulio kando ya ziwa. Lakini barabara ya Entebbe siku ya kazi, jioni, inajulikana. Kwa mtu wa ofisi za mjini, Kitante ndiyo inayofikika: unaacha gari ulipoliegesha, unapanda bodaboda, dakika chache upo kwenye tii ya kwanza. Uwanja unaofikika na wengi hubanwa na wengi, na hapo ndipo mwendo wa mchezo unapokuwa suala la haki kuliko suala la adabu tu.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu kila mtu hudhani anayechelewesha ni mwingine. Chukua kundi la watu wanne, kila mmoja akimaliza kwa mikwaju 95, idadi ambayo mchezaji wa ridhaa hana sababu ya kuionea aibu. Jumla ni mikwaju 380. Kanuni za gofu zilizoanza kutumika Januari 2019 zinapendekeza mchezaji apige ndani ya sekunde 40 tangu zamu imfikie na njia iwe wazi. Ukizidisha mikwaju 380 kwa sekunde 40 unapata muda wa saa nne na dakika 13, na hapo hakuna mtu aliyetembea hata hatua moja. Yaani kundi linalofuata pendekezo hilo sawasawa, huku kila mmoja akisubiri mwenzake amalize ndipo aanze kufikiri, tayari limeshakula asubuhi nzima. Sasa punguza sekunde kumi tu kwa kila mkwaju. Umeokoa dakika 63.

Sekunde kumi hizo hazitafutwi kwa kukimbia. Zimo katika yale tunayoyafanya mwenzetu anapopiga. Wengi wetu husimama tukitazama mpira wa jirani kama mashabiki, na ukishatua ndipo tunakumbuka kwamba na sisi tuna mpira. Glovu inavaliwa wakati huo, umbali unaulizwa wakati huo, fimbo inachaguliwa, inarudishwa, inachaguliwa nyingine. Kanuni za 2019 zilihimiza wazi kwamba aliye tayari apige, mradi usalama upo, hata kama si yeye aliye mbali zaidi na shimo. Miaka imepita na bado kwenye tii nyingi za hapa wazee kwa vijana wanaambiana, “Tafadhali mkubwa, anza wewe uliyeshinda shimo,” na mkubwa mwenyewe bado anatafuta tii ndani ya mfuko wa begi. Heshima hiyo naipenda sana kwenye chakula. Uwanjani saa kumi na moja jioni, watu wanne nyuma yetu wamesimama na mawingu yanajikusanya juu ya Kololo, heshima ni kupiga.

Kuna tabia nyingine tumeichukua kwenye televisheni. Mchezaji wa kulipwa anazunguka mpira kwenye grini, anachuchumaa upande huu, anakwenda upande wa pili, anapanga mstari wa kalamu aliouchora kwenye mpira. Yeye anacheza kwa ajili ya mamilioni, na mbele yake pamoja na nyuma yake wamo watu wachache wenye ustadi kama wake. Hata huko uvumilivu una mpaka. Kwenye Masters ya 2013, Guan Tianlang, mtoto wa Kichina wa miaka 14, aliongezewa mkwaju mmoja wa adhabu kwa kucheza polepole, mbele ya dunia nzima. Sisi wa ridhaa tunapiga mkwaju wa saba kwenye shimo ambalo pointi zake zimeshapotea, na bado tunachuchumaa.

Pointi hizo nazo zina historia inayofaa kukumbukwa. Frank Stableford, daktari wa Kiingereza, aliuona uchungu wa mchezaji anayeharibu shimo moja kisha akakata tamaa ya siku nzima. Mfumo wake wa kuhesabu pointi ulitumika kwenye mashindano pale Wallasey mwaka 1932, na leo ndio unaotawala siku nyingi za klabu zetu. Ukishafika idadi ya mikwaju ambayo haikupi pointi tena, unaokota mpira na kuweka mfukoni. Huo ni mfumo uliobuniwa kumhurumia mchezaji wa kawaida, na huruma yake inawafikia hata walio nyuma yake. Mtu anayekataa kuokota mpira anaidharau zawadi aliyopewa.

Mstari unaokua nyuma

Hata hivyo nisiwabebeshe wachezaji mzigo wote. Sehemu kubwa ya foleni hutengenezwa kabla hatujapiga mpira wa kwanza, kwenye karatasi ya ratiba.

Angalia mashimo mafupi, yale ya mikwaju mitatu. Kwenye shimo refu makundi mawili, pengine matatu, yanaweza kucheza kwa wakati mmoja: moja grini, moja katikati, moja kwenye tii. Kwenye shimo fupi hakuna nafasi hiyo. Kundi lililo nyuma lazima lisubiri hadi wa mbele waondoke grini. Shimo fupi ndilo daraja jembamba la uwanja mzima. Tuseme kundi la watu wanne huchukua dakika kumi kulimaliza: kupiga, kutembea, kutoka mchangani, kusukuma mpira shimoni, kuondoka. Kama klabu inaachia makundi kila baada ya dakika nane, kila kundi linaongeza dakika mbili za kusubiri juu ya zile alizosubiri aliyetangulia. Kundi la pili linasubiri mbili, la tatu nne. Kundi la ishirini linasimama dakika 38 kwenye tii hiyo, na hakuna hata mmoja ndani ya makundi yote ishirini aliyecheza polepole.

Hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Wa ishirini anamlaumu wa kumi na tisa, naye anamlaumu wa kumi na nane. Kama kuna wanawake mahali fulani kwenye mstari, lawama huwarukia wao bila ushahidi wowote. Hilo nimelisikia mara nyingi na linaniudhi kila mara, maana wanawake ninaocheza nao hupiga mpira na kuufuata. Wengine huwalaumu wanaojifunza. Kumbe aliyepanga dakika nane badala ya kumi au kumi na moja ndiye aliyeipanga foleni. Kamati hupenda dakika nane kwa sababu majina mengi huingia kwenye karatasi. Lakini uwanja haupitishi watu kwa kasi ya karatasi, unawapitisha kwa kasi ya lile shimo fupi. Ukiachia makundi kila dakika kumi, karibu idadi ile ile ya watu humaliza kabla ya giza, bila kusimama juani nusu saa nzima.

Dawa ya pili ni tii. Wanaume wengi tunasimama kwenye tii za nyuma kwa sababu tunaona kusogea mbele ni kushushwa hadhi. Utafiti wa muda mrefu wa mashirika yanayosimamia gofu duniani, R&A na USGA, uliwapima wanaume wa ridhaa: mwaka 1996 walipiga draiva wastani wa karibu yadi 200, na miaka ishirini na ushee baadaye walikuwa wamezidi yadi 210 kidogo tu. Wale wa PGA Tour walitoka karibu yadi 257 mwaka 1980 hadi kuikaribia 300. Hao wa pili ndio wanaohitaji tii za nyuma. Sisi tukisimama huko tunajiongezea mkwaju mmoja wa kuburura karibu kila shimo, na kila mkwaju una sekunde zake arobaini.

Kisha kuna mipira inayopotea. Zamani tulikuwa na dakika tano za kuutafuta. Tangu 2019 ni tatu. Mfereji wa Kitante na majani marefu ya pembeni vinameza mipira kila siku, na anayerudi tii kupiga upya huwa anatembea kinyume na watu wote walio nyuma yake. Kanuni zile zile zilizipa klabu ruhusa ya kuweka sheria ya mahali: badala ya kurudi, mchezaji anadondosha mpira karibu na pale ulipopotelea, hata pembeni mwa njia ya kuchezea, kwa adhabu ya mikwaju miwili. Haitumiki kwenye mashindano makubwa ya kulipwa, imetungwa kwa ajili yetu hasa. Na Uganda hatuna haja ya kuogopa sheria za mahali. Jinja, kwenye uwanja wa mashimo tisa ulio karibu na Nile inapotoka ziwani, sheria ya mpira uliotua kwenye unyayo wa kiboko inajulikana na wachezaji wa mbali: unauokota na kuudondosha pembeni bila adhabu. Walioitunga waliangalia ardhi yao na wanyama wao, wakaamua kwa busara. Ardhi ya Kitante nayo ina mambo yake.

Begi lina nini

Nikirudi kwenye fimbo, sitaki ionekane kwamba navichukia vifaa. Vifaa vimewasaidia watu wa ridhaa, na aliyewasaidia zaidi pengine ni Karsten Solheim, mhandisi aliyezaliwa Norway na kufanya kazi Marekani. Alianza gofu ukubwani, grini zikamsumbua, akatumia elimu yake kujitengenezea fimbo ya kusukumia mpira grini, ambayo uzito wake umesogezwa kwenye ncha mbili za kichwa badala ya kurundikwa katikati. Mwaka 1959 akaanzisha kampuni ya Ping. Wazo lake likahamia kwenye fimbo za chuma: nyuma ya kichwa pamechimbwa, uzito umetawanywa pembeni, hivyo mpira usiopigwa katikati kabisa haupindi sana wala haupungukiwi sana. Mtu anayecheza siku moja kwa wiki karibu hapigi katikati. Kwake hilo ni neema ya kweli.

Ila neema hiyo ni ya zamani, na imeshashuka bei. Fimbo za chuma za mtindo huo zilizotengenezwa miaka ishirini iliyopita bado zinafanya kazi ile ile, na Kampala zinapatikana kwa mkono wa pili kwa wachezaji wanaobadilisha. Kuhusu draiva, kanuni zilishaweka ukomo siku nyingi: ukubwa wa kichwa usizidi sentimita za ujazo 460, na uso wake usirushe mpira kupita kipimo kilichowekwa. Watengenezaji waliufikia ukomo huo karibu miaka ishirini iliyopita. Tangu hapo wanaongeza ustahimilivu kidogo, wanabadilisha rangi, wanahamisha skrubu. Mwenye draiva ya miaka kumi, iliyo na mpini unaoendana na kasi yake na mwinamo wa kutosha kuuinua mpira, hana anachokikosa cha kumfanya akope.

Ushauri wangu kwa anayeanza leo Kitante, Entebbe au Jinja ni huu. Nunua fimbo saba au nane. Chick Evans alishinda US Open ya 1916 akiwa na fimbo saba tu, ndiyo kusema saba zinatosha kumfikisha mtu mbali sana. Kikomo cha 14 tunachokijua kiliwekwa na Wamarekani mwaka 1938 na Waingereza mwaka uliofuata, baada ya wachezaji kufikia kubeba zaidi ya ishirini. Anayeanza, akiwa na kumi na nne, hapati usahihi zaidi. Anachopata ni maswali zaidi kabla ya kila mkwaju. Mwenye saba anaamua haraka, na anajifunza kuipiga fimbo moja kwa namna mbili tatu.

Pesa iliyobaki, itumie mahali mkono unaposhika. Hili halizungumzwi vya kutosha. Hewa ya Kampala ina unyevu, viganja vinatoka jasho, mvua ya alasiri hunyesha bila kubisha hodi, na mipira ya kushikia kwenye fimbo zetu huwa migumu na laini kama kioo miaka mingi kabla hatujaibadilisha. Ipitishe kidole gumba: kama pale kidole kinapokaa pameng'aa, fimbo inazunguka mkononi na hujui. Mchezaji anabana kwa nguvu ili isitoroke, mikono inakakamaa, bega linakakamaa, mpira unakwenda kulia kuelekea barabarani, naye anarudi nyumbani akiwa na hakika kwamba anahitaji draiva mpya. Kubadilisha mipira hiyo kwa fimbo zote ni gharama ndogo sana ukilinganisha, na glovu mbili za kubadilishana, moja ikikauka kwenye begi, zinafanya kazi kubwa kuliko teknolojia nyingi.

Mipira ya kuchezea, chukua unayoweza kuipoteza bila kuomboleza. Mpira wowote halali hauzidi uzito wa gramu 45.93 na kipenyo chake hakipungui milimita 42.67, tofauti iliyopo iko kwenye ganda na tabaka za ndani, nayo huonekana hasa kwa anayeweza kuuzungusha mpira ukasimama grini. Anayelia mpira wa bei ulioingia mfereji hutumia dakika zote tatu, na wenzake watatu wanamsaidia, na kundi la nyuma linasimama.

Desemba 2023, R&A na USGA zilitangaza kwamba kipimo cha mpira kitabadilishwa ili wapigaji wakubwa wasiendelee kuvirefusha viwanja bila mwisho. Baadhi ya marafiki zangu walichukia kana kwamba wamenyang'anywa shamba. Makadirio ya waliotangaza ni kwamba mtu wa ridhaa atapungukiwa yadi tano au chini ya hapo. Nami nawaambia marafiki hao: Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam, na mpira wako tayari unakwenda mbali kuliko wa ndugu yako wa pwani kwa mkwaju ule ule. Tumeishi na zawadi hiyo miaka yote bila kuinunua dukani.

Kedi

Kuna kijana mmoja hubeba begi langu mara kwa mara. Simtaji jina kwa sababu hakuniomba nimtaje. Siku moja kwenye shimo fupi nilicheza na mgeni aliyekuwa na kifaa kipya cha kupimia umbali. Mgeni akakielekeza kwenye bendera, akasoma namba, akakielekeza tena, akatoa fimbo namba nane. Kedi wangu, ambaye wala hakuwa amebeba begi lake, akasema taratibu, “Mzee, leo bendera iko nyuma na upepo unapanda bonde. Chukua saba, piga kushoto kwa bendera, itateremka yenyewe.” Mgeni akapiga nane. Mpira ukaangukia mchangani, mbele ya grini. Mimi nikachukua fimbo niliyopewa, kama kawaida yangu.

Kifaa kile ni halali; tangu 2019 kanuni zinaruhusu kupima umbali isipokuwa klabu ikikataza. Nami sina ugomvi nacho pale ambapo hakuna kedi. Lakini kinatoa namba moja, ile ya mstari ulionyooka. Kedi anajua grini ilimwagiliwa lini, inainamia wapi, mpira wa jana wa mtu wa handikapu kama yako uliishia wapi, na amekuwa akikutazama tangu tii ya kwanza, kwa hiyo anajua leo huna nguvu. Anauona mpira ukitua majanini wakati wewe umefumba macho kwa hasira. Dakika anazookoa kedi mzuri kwa kukumbuka mti ambao mpira ulipita chini yake ni nyingi kuliko za kifaa chochote nilichowahi kushika.

Gofu ya Afrika Mashariki imejengwa juu ya mabega hayo. Dismas Indiza wa Mumias, Kenya, mmoja wa wachezaji wa kulipwa wanaoheshimika zaidi katika eneo hili, aliingia kwenye mchezo kwa kubeba mabegi ya wengine. Wengi wa wenzake wamepita mlango huo huo, wakijifunza kwa fimbo moja ya kuazima jioni, uwanja ukishakuwa mtupu, mwanga ukiwa umebaki kidogo.

Sasa tuangalie siku ya kedi, kwa sababu hapo ndipo mwendo wetu unapogeuka kuwa ugali au njaa ya mtu mwingine. Kedi hulipwa kwa mzunguko. Saa za kusimama juani hazimo kwenye malipo. Akianza na begi la kwanza saa moja asubuhi, na mzunguko ukachukua muda wa saa nne, saa tano amemaliza. Anakula, anapumzika, saa sita anachukua begi la pili, saa kumi amerudi. Bado watu wa ofisini wanafika, na mashimo tisa kuanzia saa kumi na robo yanawezekana kabla ya giza. Siku hiyo amelipwa mara mbili na nusu. Mzunguko ukichukua saa tano na nusu, begi la kwanza linaisha saa sita na nusu mchana. La pili, akianza saa saba na nusu, litaisha saa moja usiku, gizani, yaani halitaisha. Anabaki na begi moja na pengine yale mashimo tisa ya jioni. Hakuna aliyemnyima kazi. Ni sisi tuliochuchumaa, tuliotafuta mpira, tuliosubiriana kwa adabu.

Siku mbaya kuliko zote ni za mashindano ya makampuni, na hizo Kampala tunazo kwa wingi. Makundi huanza kwa mpigo kutoka mashimo yote, mara nyingi mawili kila shimo. Makundi 36 ya watu wanne ni watu 144 uwanjani kwa wakati mmoja, baadhi yao wakishika fimbo kwa mara ya kwanza tangu mashindano ya mwaka jana. Kuna meza ya vinywaji, kuna zawadi ya aliyepiga mbali zaidi, kuna zawadi ya aliyekaribia bendera kwenye shimo fupi, na hapo watu wanatoa utepe, wanapima, wanaandika, wanapiga picha, juu ya lile daraja jembamba lenye foleni tayari. Nawashukuru wafadhili, bila wao mashindano mengi ya vijana yasingekuwepo. Lakini zawadi zao zinasifu umbali tu. Ningewaomba waweke moja kwa kundi litakalokuwa na pointi nzuri likiwa limemaliza ndani ya muda uliopangwa, na ya karibu na bendera waihamishie shimo refu, kwa mkwaju wa tatu, ambako hakuna anayesubiri.

Na kwa klabu zetu ninalo ombi moja ambalo halihitaji mfadhili. Kwenye kadi ya alama, chini kabisa, iandikwe saa ya kuanza na saa ya kumaliza, isainiwe na mwenye alama kama zinavyosainiwa pointi. Mzunguko ukizidi saa nne na nusu bila mvua wala ajali, kila mchezaji wa kundi hilo amwongezee kedi wake robo ya malipo ya siku, apewe mkononi pale pale grini ya kumi na nane. Wachache tunaocheza pamoja Jumamosi tumeanza kufanya hivyo kwa makubaliano yetu wenyewe. Jumamosi ya kwanza wote wanne tulilipa. Tangu hapo kuna mwenzetu mmoja, mzee mwenye kupenda sana kuchora mistari kwenye mpira, ambaye huivaa glovu yake akiwa bado anatembea.